Kishikwambi cha Kuazima

Simu iliingia saa nne kasoro robo, Zipora akiwa na andazi mkononi na kikombe cha chai ya maziwa pembeni ya kompyuta. Aliyepiga ni mama yake. Mama yake, mke wa mzee Masalu wa Samuye, hakuwa mtu wa kusumbua watu saa za kazi. Mwaka ule jiko liliposhika moto, aliuzima kwanza, akapika, akala, ndipo jioni akapiga kuwapa habari.

"Mwangaluka, mayu," Zipora alimwamkia kwa Kisukuma.

"Usiniamkie. Ng'ombe wamekamatwa."

"Ng'ombe gani?"

"Kwani kuna wengine? Wa Jilala! Wote kumi na saba. Wako kwenye zizi la geti la ukaguzi wa mifugo huko, na wamesema saa nane mchana wanachinjwa. Wanachinjwa, Zipora! Eti wana ugonjwa!"

Andazi lilirudi kwenye sahani.

Jilala ni kaka yake. Yuko Nyarugusu mwaka wa tisa huu, ana karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu, na huko huko ndiko alikompata Evelina. Wazazi wa Evelina hawakutaka bahasha wala muamala wa simu. Walitaka ng'ombe kumi na saba, wazima, wenye miguu, watoke zizini kwa baba yake bwana harusi, wala si wa kuokoteza mnadani. Mzee Masalu naye akalipokea jambo hilo kama mtu aliyepewa cheo. Mwezi mzima alikuwa anazunguka zizini na fimbo, huyu anamkataa kwa pembe, yule kwa mwendo, mwingine kwa sababu tu mama yake aliwahi kumpiga teke. Bwana mifugo wa Samuye, Chacha, akaja akawapima, akajaza kibali, jana alfajiri wakapandishwa kwenye Fuso. Nyarugusu nako masufuria yalikuwa jikoni tangu usiku wa kuamkia leo, na majirani, kwa jinsi Jilala alivyosimulia, walishaanza kupiga vigelegele vya majaribio.

Sasa wako zizini getini.

Zipora alimpigia Jilala. Nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wanalia.

"Kaka, wanasemaje?"

"Wanasema wametoka Masumbwe."

"Masumbwe? Masumbwe wamefikaje?"

"Niulize mimi! Kule kuna karantini ya homa ya mapafu ya ng'ombe tangu mwezi wa tatu. Anayetoka huko akikamatwa njiani hana mjadala, anachinjwa anafukiwa. Nimewaonyesha karatasi, imeandikwa Samuye, ina muhuri wa Chacha. Wakapiga ile namba ya kibali kwenye mashine yao, ikaja nyekundu: asili Masumbwe. Wamesema karatasi nimeighushi. Mimi! Nighushi muhuri kwa ajili ya ng'ombe wa baba yangu mwenyewe!"

"Umewaambia dada yako ndiye…"

"Nimewaambia! Wamecheka. Baba mkwe amefika hapa na pikipiki, amewatazama ng'ombe, amenitazama mimi, hajasema neno. Ameondoka. Zipora, yule mzee angenitukana ningepumua."

Kuanzia hapo chai haikunyweka tena.

Kazi ya Zipora, ukimuuliza Rosemary anayewaletea chai pale ghorofani, ni "kuangalia kompyuta na kuisonya." Kwa kweli alikuwa fundi wa mfumo wa kati. Kampuni yao, Kiungo Data, ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vipuri mjini Shinyanga, na toka vyumba hivyo viwili ilikuwa inapitisha ujumbe wote wa vibali vya mifugo wa kanda hiyo. Bwana mifugo anajaza fomu kwenye kishikwambi chake huko mnadani. Ujumbe unakuja kwenye mfumo wa kati. Mfumo unaufungua, unauliza daftari la karantini, unaamua, kisha unaupeleka getini ukiwa na rangi. Kijani, pita. Nyekundu, shuka. Yule aliyeandika kanuni za mfumo huo, mstari kwa mstari, ni Zipora binti Masalu, na alikuwa akijivunia kazi hiyo kuliko alivyokuwa akikiri.

Akampigia mkuu wa geti. Jina lake alikuwa analijua: Sesilia, mama mmoja mnyoofu aliyekaa kiti cha mbele siku ile ya mafunzo, akiandika kila kitu kwenye daftari la mistari.

"Shikamoo mama Sesilia. Ni Zipora wa Kiungo Data."

"Marahaba, mwalimu wangu! Za huko?"

"Mbaya. Hao ng'ombe kumi na saba ni wa baba yangu. Wametoka Samuye. Nimezaliwa kwenye zizi hilo."

"Pole sana, mwanangu. Lakini mfumo unasema Masumbwe."

"Kibali kinasema Samuye."

"Kibali ni karatasi." Sesilia alisema taratibu, bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililochoma. "Wewe ulisimama mbele yetu pale ukumbini, nimekuandika hapa kwenye daftari langu, nikusomee? 'Karatasi inaweza kudanganya, mfumo haudanganyi. Mkivutana na mwenye mifugo, aminini skrini.' Ukatupigisha na makofi. Leo nikiamini karatasi, kesho nikiulizwa nitasema nini? Nitasema ni ng'ombe wa mwalimu?"

"Mimi sina chuki," Sesilia aliendelea. "Skrini ikigeuka kijani hata saa nane kasoro dakika moja, nawafungulia mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini igeuke. Nimeshaagiza wachinjaji na shimo limechimbwa."

Simu ikakatika. Zipora akaipiga meza kwa kiganja hadi kijiko kikaruka kwenye kikombe.

"Ee!" Rosemary alisema mlangoni, trei mikononi. "Leo hatusonyi, tunapiga?"

"Kuna mpumbavu, Mama Rose. Kuna mpumbavu mahali fulani, na leo nitamjua."

"Ukimpata niite. Mimi napenda kuona."

Akautafuta ule ujumbe kwenye kumbukumbu za mfumo. Uliingia jana saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Ndani yake, penye sehemu ya *kutoka*, palisomeka wazi: SAMUYE. *Kwenda*: NYARUGUSU. *Idadi*: 17. *Mmiliki*: MASALU. Hadi hapo kila kitu ni sawa. Akashuka chini penye uamuzi wa mfumo. *Asili: MASUMBWE. Karantini: NDIYO. Jibu: KATAA.*

Ujumbe mmoja, Samuye tumboni, Masumbwe kichwani. Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Chacha. Nani mwingine? Yule ndiye aliyeshika kishikwambi. Akampigia bila hata kupanga maneno.

"Bwana Chacha, umewafanya nini ng'ombe wa baba yangu?"

"Shikamoo haipo siku hizi?" Chacha alijibu. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Mara, ameishi Samuye hadi Kisukuma chake kinawashinda wenyewe.

"Shikamoo. Umejaza nini kwenye kile kifaa? Kwa nini mfumo unaona Masumbwe?"

"Nimejaza Samuye. Nina miaka ishirini na mbili kazini, binti, Samuye najua kuiandika."

"Basi hiyo Masumbwe imeota?"

"Labda ni kwa sababu kishikwambi chenyewe ni cha Masumbwe."

"Unasemaje?"

"Ni cha kuazima. Changu kilikanyagwa na fahali mnadani mwezi wa tatu, kikapasuka kama yai. Niliomba kingine, nikaambiwa nisubiri. Mwenzangu wa Masumbwe kazi zimesimama kwa karantini, kishikwambi chake kinalala kabatini, akanipa. Tunaazimana, kuna ubaya gani? Baba yako si ndiye aliyeniazima hata pampu ya kunyunyizia dawa?"

"Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu unatumia kifaa kilichosajiliwa Masumbwe na hukusema?"

Sauti ya Chacha ilikuwa imeshuka, na hasira iliyokuwamo ilikuwa ya siku nyingi.

"Nilisema. Nilikuandikia wewe. Kwa jina lako. Kuhusu maksai wa Vumilia."

Jina hilo lilimgonga Zipora mahali ambapo hakujua pana kidonda. Akajibu tu, "Nitakupigia," akakata.

Akatafuta kwenye sanduku la malalamiko. Ilikuwapo. Tarehe kumi na moja mwezi wa nne. *Ndugu Fundi. Mama Vumilia wa hapa Samuye, mjane, alikuwa anapeleka maksai wake wawili upande wa Geita wakamlimie dada yake. Nilimwandikia kibali. Getini wameambiwa wametoka Masumbwe, wamechinjwa. Mimi natumia kishikwambi cha kuazima, naomba muangalie kama hilo ndilo tatizo. Chacha, Bwana Mifugo.*

Chini yake kulikuwa na jibu. Maneno manane. *Mfumo umekaguliwa, hauna hitilafu. Mweleze mfugaji aache kughushi. Zipora M.* Halafu: LIMEFUNGWA. Alikuwa amelifunga siku ile ile aliyolipokea, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Hakukagua kitu. Ilikuwa Ijumaa, na kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa rafiki yake Salome.

Akafungua kanuni, ile sehemu ya karantini, na kuiteremka kwa macho hadi alipoufikia mstari wenyewe:

`<property name="asili" expression="$trp:Kituo"/>`

Pembeni, kwa maandishi madogo ya kijivu, mfumo ulikuwa umehifadhi jina la aliyeuandika. Halikuwa la bosi wake, Damian. Halikuwa la wale vijana wa mafunzo kazini waliopita hapo mwaka jana, ambao Zipora alikuwa ameshaandaa matusi yao. Lilikuwa lake.

"Umempata?" Rosemary aliuliza. Hakuwa ameondoka, alikuwa amejiegemeza ukutani, trei kiunoni, kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Nimempata."

"Nani?"

Zipora akageuza skrini, ingawa Rosemary hakuwa na sababu ya kuielewa. "Tazama hapa. Kila ujumbe unaokuja una sehemu mbili, Mama Rose. Kuna barua yenyewe, yaani yale mtu aliyoandika, na hiyo mfumo unaiita `$body`. Na kuna bahasha, yaani yale ambayo kifaa chenyewe kinajiandikia juu bila kumuuliza mtu: mimi ni kifaa fulani, nimesajiliwa kituo fulani. Hiyo inaitwa `$trp`. Ni lugha ya kuelekeza njia ndani ya ujumbe, XPath. Unaiambia mashine, nenda pale, chukua kitu hiki. Sasa mimi nilitaka kujua ng'ombe wametoka wapi. Nikaiambia mashine, soma bahasha."

"Hukuiambia ifungue barua?"

"Sikuiambia."

"Kama shemeji yangu na kadi za harusi," Rosemary alisema. "Akiona bahasha haina dhahabu dhahabu, anasema hao hawana uwezo, haendi. Kumbe ndani ndiye ameandikwa mshenga." Akacheka, kisha akaona uso wa Zipora, akaacha. "Lakini kwa nini bahasha? Wewe msomi."

Kwa nini. Zipora alilijua jibu na lilikuwa linamchoma kuliko kosa. Wakati anaandika mstari ule alikuwa amepanga vishikwambi sita hapa hapa mezani, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya kituo chake, na kila alipojaribu, bahasha na barua zilisema kitu kimoja. Bahasha ilikuwa njia fupi. Haikumjia kabisa kwamba kifaa cha kituo kimoja kinaweza kulala kituo kingine. Yeye, aliyekulia nyumba ambayo jembe la maksai lilikuwa linalala kwa majirani watatu kwa wiki! Yeye, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa viatu vya binti wa jirani! Samuye nzima hakuna kitu kinachokaa kwa mwenyewe: pampu, baiskeli, fahali wa mbegu, hata suti ya kuposea ilikuwa moja na imeshaposa wanaume kumi na mmoja. Ameondoka huko, akapanda ghorofani, akaandika mstari wa mtu ambaye hajawahi kuazimwa kitu maishani.

Saa sita na robo.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Aliufuta ule mstari, akaandika mwingine unaofungua barua na kuchukua *kutoka* ndani yake, akaihifadhi asili hiyo kwenye sifa za ujumbe ili hatua zinazofuata ziisome kwa `$ctx:asili`, yaani kile mfumo ulichokiandika wenyewe baada ya kusoma, wala si kile kilichobandikwa na mpita njia. Akaujaribu na ujumbe wa baba yake kwenye mashine ya majaribio. Kijani. Akaurudia. Kijani.

Lakini mashine ya majaribio haifungui zizi la mtu. Kuupeleka mstari huo kwenye mfumo wenyewe kulihitaji nywila ya pili, na nywila ya pili alikuwa nayo Damian.

Damian alikuwa mkurugenzi. Mtu wa Ushirombo, sauti laini ya mwanakwaya, tai hata siku ya jua kali. Alimsikiliza Zipora hadi mwisho, vidole vimekutana mbele ya kidevu.

"Mabadiliko tunaingiza mwisho wa mwezi, Zipora. Ni utaratibu wako mwenyewe."

"Saa nane wanachinjwa."

"Naelewa ni mambo ya familia, na inaumiza…"

"Si mambo ya familia! Mfumo umekosea! Nimekosea mimi! Njoo uone mstari, njoo uone jina!"

Hilo la "nimekosea" lilimwinua kitini. Alikwenda akautazama mstari, akausoma mara mbili. Kisha akaufunga mlango, Rosemary akabaki nje.

"Nani mwingine anajua?"

"Chacha alijua tangu mwezi wa nne. Akaandika. Nikamfungia."

"Vizuri. Maana yake kwenye kumbukumbu limefungwa." Damian alishusha sauti, ikawa laini zaidi. "Sikiliza, dada yangu. Mkataba wetu unajadiliwa wiki ijayo. Tufanye hivi. Nakupa nywila sasa hivi. Unaingiza marekebisho, unaandika 'maboresho ya kawaida'. Ujumbe wa baba yako unaupitisha upya, unageuka kijani, ng'ombe wanaondoka, kaka yako anaoa, na mimi nakuja kucheza ngoma. Ya nyuma tunayaacha nyuma. Hatuyagusi."

"Ya nyuma ni yapi?"

"Yaliyokwisha kuchinjwa hayafufuki, Zipora."

Alitamani kumtupia kikombe. Saa saba na dakika mbili. Alizuia mkono wake kwa mkono wake mwingine.

"Weka nywila," alisema.

Damian akaweka. Zipora akaingiza mstari mpya, mfumo ukajizima na kujiwasha, dakika nne ambazo alizihesabu kwa kusimama, kukaa, kusimama. Ulipoamka akauchukua ule ujumbe wa jana, akaupitisha tena kama mgeni aliyefika sasa hivi. Ukaingia, ukafunguliwa, ukasomwa. *Asili: SAMUYE. Karantini: HAPANA. Jibu: RUHUSU.*

Simu ililia kabla hajaishika.

"Imegeuka!" alipiga kelele Jilala. "Zipora, imegeuka! Huyu mama anafungua mwenyewe! Wachinjaji wamekasirika, wanasema tumewapotezea siku! Sesilia kawaambia wakachinje kuku!" Kukasikika vurugu za kwato na mtu akipiga mluzi. "Napiga kwa baba mkwe! Ng'ombe wote wazima! Dada, wewe ni…"

"Usinisifu," Zipora alimkatiza. "Jilala, nakuomba, usinisifu leo. Nenda."

Alipoweka simu, Damian alikuwa anatabasamu, mkono umenyooshwa. "Umeona? Bila kelele."

Zipora hakuushika mkono huo. Alikuwa amefungua dirisha jingine. Mfumo wa kati ulikuwa na njia ya kutuma tangazo kwa vituo vyote kwa mpigo mmoja. Walikuwa wanaitumia kutangazia sikukuu na kukatika kwa umeme. Akaanza kuandika, akigonga vitufe kama mtu anayetwanga.

*Kwa mabwana mifugo na wakuu wa mageti wote. Tangu mwezi wa tatu hadi leo saa saba mchana, mfumo ulikuwa unatambua asili ya mifugo kwa kituo kilichosajiliwa kishikwambi, si kwa mlichoandika ndani ya kibali. Aliyetumia kishikwambi cha kuazima alionekana ametoka kituo kingine. Vibali vyote vilivyokataliwa kipindi hicho vikaguliwe upya kwa karatasi zake. Walioitwa waghushi hawakughushi. Karatasi zilisema kweli. Mstari wenye kosa niliuandika mimi, na Bwana Chacha wa Samuye aliponiandikia, nilimpuuza. Zipora Masalu.*

Damian alikuwa amesoma begani kwake. Ulaini ulikuwa umemtoka wote.

"Futa."

"Sifuti."

"Zipora, futa hicho kitu. Unajua watakaotuandama? Kila mwenye ndama aliyekufa kwa kupe atasema ni sisi!"

"Na wale ambao kweli ni sisi?"

"Ng'ombe wa baba yako wamepona! Unataka nini tena?"

Akageuka kwenye kiti, akamtazama moja kwa moja. "Unasikia unavyosema? Wa baba yangu wamepona kwa sababu mimi nakaa hapa! Kwa sababu mama yangu ana namba yangu! Vumilia alikuwa na namba ya nani? Alikuwa na Chacha, na Chacha akaniandikia mimi, na mimi nilikuwa nawahi wali wa kipaimara!"

"Ukibonyeza hapo, kesho usije."

"Kesho ningekuja kufanya nini? Kuwafundisha watu wapige makofi?"

Akabonyeza.

Tangazo likaondoka kwenda vituo sitini na nne. Damian akatoka, tai imepinda, akiubamiza mlango hadi kalenda ikaanguka. Rosemary aliingia kabla mlango haujamaliza kutikisika.

"Umefukuzwa?"

"Nadhani."

"Kwa kosa au kwa kusema?"

"Kwa kusema."

"Kwa hiyo kwa kosa ulikuwa unalipwa." Rosemary alitikisa kichwa, akaiokota kalenda, akaiweka mezani juu chini. "Kunywa chai hata ikiwa ya baridi. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyezika."

Simu zikaanza. Kwanza Sesilia, hakusalimia, aliuliza tu, "Nifute ile sentensi kwenye daftari?" Zipora akasema afute. "Nishafuta," Sesilia akasema, "lakini kalamu imepenya hadi ukurasa wa pili. Na mimi ndiye niliyesimamia maksai wa yule mama. Nilimwambia usoni ni mwongo." Akakata bila kuaga.

Kisha mama yake. Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamekuja kulia na sasa walikuwa wanaulizana kama waimbe. "Baba yako anataka kusema na wewe," mama alisema, na mzee Masalu akachukua simu kwa ule mtindo wake wa kuishika mbali na sikio na kupaza sauti kana kwamba Shinyanga mjini iko ng'ambo ya bonde.

"Wamefika Nyarugusu!"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Chacha amekuja hapa na kishikwambi, amenisomea uliyoandika. Ni kweli?"

Kule Samuye kelele za wanawake zilififia. Wote walikuwa wanasikiliza, Zipora alijua. Katika nyumba ile hakuna simu iliyowahi kuwa ya mtu mmoja.

"Ni kweli, baba."

"Wewe ndiye uliyeua maksai wa Vumilia?"

"Ni mimi."

Maksai wale alikuwa anawajua. Nusu ya mashamba ya Samuye yalilimwa nao. Shamba lake mwenyewe walililima, mwaka ule alipougua mgongo, na Vumilia hakutaka hata debe la mahindi.

"Mimi leo nina harusi," mzee alisema, na sauti ile ya kupaza ilikuwa imekwisha. "Nyumba imejaa watu, nimefurahi, na nimekasirika na wewe. Sijui nifanye lipi kwanza. Ongea na Chacha."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Zipora alisikia kanga zikisuguana, mtoto akikohoa, mtu akinong'ona, "ndiye huyo huyo fundi?"

"Binti," Chacha alisema. "Nimesoma. Umeandika vizuri. Umechelewa, lakini umeandika vizuri."

"Bwana Chacha, nisamehe. Nilikuita…"

"Mimi niache. Mimi nina mshahara." Alisogea pembeni, kelele zikapungua. "Ng'ombe wa baba yako wamepona, tumshukuru Mungu. Sasa kuna mtu yuko hapa kando yangu. Amekuja kusaidia kupika, kama majirani wengine. Hakuwa anajua. Amesikia nikisoma. Toka wakati huo amekaa kwenye kinu, ananitazama mimi na simu."

Zipora akaegemea meza. Nje, chini, mtu alikuwa anagonga rimu ya gari kwa nyundo, ngo, ngo, ngo. Jibu la maneno manane lilikuwa bado wazi kwenye skrini, na jina lake chini yake.

"Nimpe simu?" Chacha aliuliza.

"Mpe," alisema Zipora.